Sirinji ya 50 tupu, pampu inasema imetoa 43. Nani mwongo?

#1 NesiWaUsiku
Wakuu salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu juzi, na kila ninayemuuliza kazini ana jibu lake.

Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, anapewa dawa ya usingizi kwa pampu ya sirinji. Nikavuta ml 50, nikafunga, nikaweka kasi ya ml 5 kwa saa. Hesabu haihitaji kalamu: saa 10. Nilianzisha saa 2 usiku, kwa hiyo nikategemea kubadilisha saa 12 asubuhi, na sirinji ya pili nikapanga kuiandaa saa 11. Saa 10 na dakika 40 alfajiri alamu inalia. Nafika, pistoni imegota chini. Kioo kinasema imetoa ml 43.3. Kasi bado inasoma 5.

Mgonjwa hakupata shida, mbio mbio nikaandaa nyingine. Ila kwenye fomu ya tukio naandika nini? Ml 7 zimeenda wapi? Mimi nasema pampu inadanganya. Nipingeni.

#2 Kichwa Ngumu
Mlivuta 43 mkaandika 50. Uzi ufungwe.

#3 NesiWaUsiku
Nilivuta mwenyewe mbele ya mwenzangu, mpaka mstari wa 50, lebo tukasaini wote wawili. Tafuta lingine.

#4 FundiPampu
Dada, kabla ya kuihukumu pampu, swali moja. Kwenye kioo ulichagua sirinji ya kampuni gani, na mkononi ulikuwa na ya kampuni gani?

Nauliza kwa sababu wengi wanadhani pampu ya sirinji inapima dawa. Haipimi. Haijui hata kama mle ndani kuna dawa, maji au hewa. Kuna mota inayozunguka hatua kwa hatua, inazungusha skrubu ndefu, na skrubu inasogeza kichwa kilichokaa nyuma ya pistoni. Pampu inajua milimita tu. Ili milimita zigeuke mililita lazima ijue kipenyo cha ndani cha sirinji, na kipenyo hicho inakitoa kwenye jina ulilochagua wewe.

Chukua sirinji mbili, zote zimeandikwa 50. Moja kipenyo chake mm 27, nyingine mm 29. Kwa macho hutaona kitu. Ukiiambia pampu ni ya 27, ili itoe ml 5 itasogeza pistoni mm 8.7 kwa saa. Kama kumbe umeweka ya 29, mm 8.7 zile zile zinasukuma ml 5.77. Gawanya 50 kwa 5.77. Saa 8 na dakika 40. Sijaongeza chumvi, piga mwenyewe.

#5 Tone kwa Tone
Dakika 40 kamili! Fundi sema ukweli, wewe ndiye uliyekuwa zamu.

#6 BibiVipimo
Fundi nakuheshimu, ila hizo 27 na 29 umezichagua baada ya kuona jibu. Dada angesema saa 9 kamili ungetuletea 28.5. Hiyo ni kupaka rangi shabaha kuzunguka tundu la risasi.

Halafu pampu za siku hizi zina kamkono kanakobana sirinji kwa juu, na kamkono hako kanapima unene. Ukiweka isiyofanana inakataa kuanza.

#7 FundiPampu
Bibi umenikamata kidogo, nakubali. Namba zimekuja kwa urahisi mno. Lakini ziko ndani ya vipenyo vilivyopo kweli sokoni, sijazitoa hewani.

Kuhusu kamkono: kanatofautisha ya 20 na ya 50, hapo hakakosei. Ya 50 ya huyu na ya 50 ya yule, zikipishana milimita moja au mbili, pampu nyingi zinakuuliza wewe uthibitishe. Na swali lenyewe linakuja na jibu: jina la sirinji iliyotumika mwisho limeshakaa pale, linasubiri kubonyezwa "ndiyo". Saa 2 usiku, wagonjwa watatu, nani anasoma?

#8 NesiWaUsiku
Sitaki kusema uongo. Sikumbuki kusoma jina. Linakuja lenyewe, unabonyeza.

Na nijirekebishe jambo moja la #1. Baada ya kuvuta 50 nilijaza laini (ule mpira unaopeleka dawa kwa mgonjwa) kwanza kwa sirinji hiyo hiyo ili kutoa hewa. Kwa hiyo wakati naanzisha ilibaki kama 48.

#9 Kichwa Ngumu
Tumeshuka mpaka 48. Bado 5 tu tufike kwenye jibu langu.

#10 MzeeKanula
Vijana mnahangaika na vipenyo. Mimi nauliza: pampu ilikaa juu au chini ya mgonjwa?

Sirinji ikiwa juu, ile safu ya dawa iliyomo kwenye laini inaning'inia na kuivuta pistoni. Mita moja ya kimo ni mvuto wa mmHg 74 hivi. Kinachoizuia pistoni isiende ni msuguano wa mpira wake, pamoja na vile vidole vya pampu vinavyoibana sahani ya nyuma ya pistoni. Vidole visipobana sawasawa, dawa inajinyonya yenyewe na pampu haina habari.

Nimeliona kwa macho yangu, hospitali siitaji. Mwenzangu alichomoa sirinji kwenye pampu bila kufunga laini kwa mgonjwa, akaishika mkononi usawa wa kichwa chake huku anatafuta kalamu ya lebo. Nikaona pistoni inatembea. Hakuna kidole kilichoigusa. Inashuka pole pole kama konokono, na dawa ilikuwa ya kupandisha presha. Nikapiga kelele, akashusha mkono. Presha ya mgonjwa ilipaa dakika chache ikarudi. Tangu siku ile mkono wangu hauigusi sirinji kabla haujafunga laini.

#11 MwanafunziWaTiba
Mzee hapo nimejifunza. Swali: kama ilijinyonya, si ingeisha yote kwa muda mfupi?

#12 BibiVipimo
Mwanafunzi ameuliza swali langu. Sahani ikiwa huru kabisa sirinji inaisha kwa dakika, sio kuwahi saa 1 na dakika 20 baada ya usiku mzima. Tena pampu nyingi zina sensa pale nyuma, sahani isipokaa zinagoma.

#13 MzeeKanula
Sensa huona kwamba sahani ipo, haioni kwamba imelegea. Kukiwa na mwanya wa milimita mbili, kila ukiipandisha pampu rafu ya juu pistoni inajongea mpaka mwanya uishe. Mgonjwa kapata dozi ya ghafla. Na sirinji ikiwa na ufa mdogo hewa inaingia kwa nyuma, breki hakuna tena.

Dada, ile pampu ilihamishwa usiku?

#14 FundiPampu
Mzee, milimita 2 kwenye sirinji ya 50 ni ml 1 na kidogo. Tunatafuta zaidi ya hapo.

#15 NesiWaUsiku
Nitamuuliza mwenzangu, nilienda mapumziko saa 7 mpaka 8.

#16 MtunzaMama
Samahani mimi si mtu wa hospitali, namuuguza mama. Pampu ya kwake inalia kila mara, inaandika laini imeziba. Nesi anakuja, ananyoosha mkono wa mama, ananyamazisha, anaondoka. Baada ya muda inalia tena. Ni mbovu?

#17 FundiPampu
Pole kwa kuuguza. Mara nyingi si mbovu. Kanula, kile kibomba kilichoingia mshipani, ikiwa kwenye kiwiko, mama akikunja mkono laini inabanwa, presha ndani inapanda, ikifika kikomo inalia. Muombe nesi aangalie uwezekano wa kuihamisha kanula sehemu isiyokunjika.

Niongeze kwa wahusika. Alamu ya kuziba haiji papo hapo. Pampu inaendelea kusukuma, dawa inajibana, laini inatanuka, mpira wa pistoni unaminyika, mpaka presha ifike pale ilipowekewa. Kwenye kasi ya ml 100 kwa saa hayo yote ni muda mfupi. Kwenye ml 1 kwa saa na sirinji ya 50 inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na muda wote huo kioo kinasema kila kitu sawa huku mgonjwa hapati hata tone. Ndiyo maana kwa kasi ndogo tunashauri sirinji ndogo na laini nyembamba, na kikomo cha presha kishushwe.

Alamu ikishalia kuna mtego wa pili. Ile dawa iliyojibana inasubiri mlango. Ukinyoosha tu mkono, yote inaingia kwa mkupuo. Kwa dawa ya kawaida haina neno. Kwa dawa za presha au za usingizi, ondoa kwanza mgandamizo upande usio wa mgonjwa, ndipo ufungue. Pampu nyingine zinarudi nyuma zenyewe kidogo, usiitegemee kama hujui yako inafanya hivyo.

#18 Shuka la Tatu
Kumbe ndiyo maana! Kila tukinyoosha mkono presha inaruka, tukawa tunasema mgonjwa kashtuka.

#19 MzeeKanula
Na wengine wanaamini pampu isipolia basi dawa inaingia kwenye mshipa. Kanula ikitoka mshipani ikamwaga chini ya ngozi, pampu haitalia. Nyama ya mkono ni laini, inapokea, presha haipandi vya kutosha. Nimekuta taa ya kijani inawaka, namba zinapanda vizuri, na mkono chini ya shuka umevimba, ngozi inang'aa na ni baridi ukiugusa. Ilikuwa potasiamu. Mgonjwa alikuwa amelazwa usingizi, hawezi kusema inauma.

Funua shuka. Hakuna pampu itakayokufunulia.

#20 Tone kwa Tone
Mimi ndio maana naipenda dripu ya kuhesabu matone. Haina programu wala kampuni ya sirinji. Matone 41 kwa dakika ni ml 41 kwa saa, saa mkononi, kwisha.

#21 BibiVipimo
Ndugu yangu Tone, umempa mtu mara tatu ya dawa hapo. Tone 1 kwa dakika kuwa ml 1 kwa saa ni kwa seti ndogo, ile ya matone 60 kwa ml. Kwa seti ya kawaida ya matone 20, matone 41 au 42 kwa dakika ni ml 125 kwa saa, yaani lita 1 kwa saa 8.

Na matone yenyewe hayalingani. Ukubwa wa tone unategemea maji yaliyomo. Mgonjwa akikaa, akisimama, akilalia mkono, kasi inabadilika. Kale kagurudumu ka kubana laini nako kanalegea polepole kwenye plastiki. Umehesabu 42 saa 3, rudi saa 4 uhesabu tena.

#22 Tone kwa Tone
Nimeshuka kwenye jukwaa taratibu.

#23 Kichwa Ngumu
Tone kwa Tone aliyeshindwa kuhesabu matone. Badilisha jina mkuu.

#24 Daftari la Dozi
Mimi ni mfamasia. Mmejadili mashine, hamjajadili namba. Mwaka 2006 Edmonton, Kanada, mgonjwa wa saratani aliandikiwa fluorouracil ya siku 4 kwa pampu ndogo ya kubeba nyumbani. Kasi sahihi ilikuwa ml 1.2 kwa saa. Ikawekwa 28.8. Dawa ya siku 4 ikaingia kwa saa 4, na mgonjwa alifariki wiki 3 baadaye.

28.8 haikutoka kichwani mwa mtu. Lebo ilikuwa na namba zote mbili: ml 28.8 kwa saa 24, na pembeni 1.2 kwa saa. Nesi alipiga hesabu, akasahau kugawanya kwa 24, akapata 28.8, akatazama lebo akaiona 28.8 pale. Hesabu na lebo zimekubaliana. Mwenzake akahakiki, naye akaiona. Pampu ilifanya kazi yake bila kasoro. Tangu niisome ripoti ile lebo zangu zina kasi moja tu, kwa kipimo kile kile ambacho pampu inakiuliza.

#25 Shuka la Tatu
Hii inafanana na zile pampu mbili za Uingereza, Graseby. Moja ya bluu, MS16A, unaweka milimita kwa saa. Nyingine ya kijani, MS26, unaweka milimita kwa saa 24. Umbo moja, droo moja, morfini hiyo hiyo. Ukichukua ya bluu ukidhani ni ya kijani umempa mtu dozi ya siku nzima kwa saa 1. Zilikuja kupigwa marufuku mwaka 2010.

#26 Daftari la Dozi
Marekebisho kidogo: 2010 ndipo wakala wa usalama wa wagonjwa wa kule ulipotoa tahadhari, hospitali zikapewa mpaka mwisho wa 2015 kuziondoa. Hazikupotea siku moja.

#27 MwanafunziWaTiba
Si ndio huo mwaka ambao Marekani nao walistuka? Nilisoma FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, ilipokea taarifa 87,000 za matatizo ya pampu.

#28 BibiVipimo
Umechanganya. Taarifa zilikuwa kama 56,000, kati ya 2005 na 2009. 87 ni idadi ya mara ambazo pampu zilirudishwa kiwandani au kurekebishwa. Mpango wao wa kuboresha pampu ulitangazwa 2010, hapo uko sawa.

Na kati ya kasoro walizotaja ipo ya kitufe kinachodunda: unabonyeza mara moja, mashine inasoma mara mbili. Unataka 10, inaandika 100. Mtengenezaji anasema mtumiaji kakosea, mtumiaji anaapa kabonyeza mara moja.

#29 NesiWaUsiku
Hilo la 10 na 100 limenikumba na nukta. Kitufe cha nukta kwenye pampu moja ya zamani kilikuwa kigumu. Unaandika 2.5 inatokea 25. Nilikiona kwa sababu nina tabia ya kusoma kioo kwa sauti kabla ya kuanzisha, wenzangu wananicheka.

#30 FundiPampu
Endelea kuwapa cha kuchekea. Ndiyo maana kuna wabunifu wanaotaka mishale ya juu na chini badala ya vitufe vya namba. Kwenye namba jicho linatazama vidole, kwenye mishale jicho linalazimika kutazama kioo, na ukikosea unaliona. Harold Thimbleby wa Chuo Kikuu cha Swansea ameandika sana kuhusu makosa ya kuingiza namba kwenye pampu.

#31 Shuka la Tatu
Mishale hapana jamani. Kutoka 0 mpaka 125 unabonyeza mpaka kidole kinaota sugu, na ukishikilia inapita.

#32 Daftari la Dozi
Si zipo pampu zenye maktaba ya dawa? Unachagua jina la dawa, ukiweka kasi iliyozidi inakuonya au inakataa kabisa. Tatizo limekwisha.

#33 Shuka la Tatu
Halijaisha mkuu. Kuna kitufe cha kuipita maktaba, unaweka ml kwa saa tupu. Dawa isipokuwemo kwenye orodha, au nguvu yake tofauti na mnayochanganya ninyi, watu wanapita pembeni, na kesho wanapita hata kwa dawa iliyomo. Maktaba isipohuishwa ni pambo. Halafu haijui kilichomo kwenye sirinji. Ukichagua heparini na umefunga insulini, inakulinda vizuri sana dhidi ya kosa ambalo hujafanya.

#34 Kichwa Ngumu
Na ukiiunganisha na mtandao anaingia mdukuzi.

#35 MwanafunziWaTiba
Unatania ila lipo. Mwaka 2015 FDA ilizitaka hospitali ziache kutumia pampu za Symbiq za kampuni ya Hospira kwa sababu mtu angeweza kuziingilia kupitia mtandao wa hospitali na kubadilisha dozi. Hakukuwa na mgonjwa aliyejulikana kudhurika, lakini mlango ulikuwa wazi.

#36 SukariNaMimi
Napita na la kwangu. Navaa pampu ya insulini. Hofu yangu kubwa ni kiputo cha hewa. Insulini yangu ina yuniti 100 kwa ml, kwa hiyo hewa ya ml 0.1 kwenye laini ni yuniti 10 ambazo sijapata, na pampu inahesabu nimepata. Nikitoa chupa kwenye friji naiacha ipate joto la chumba kwanza ndipo nijaze, la sivyo ikipata joto mwilini inatoa viputo.

Na kwa wapenda historia: Dean Kamen, yule wa Segway (kile chombo cha magurudumu mawili cha kusimama), ndiye aliyebuni pampu ndogo ya kuvaliwa ya AutoSyringe miaka ya 70. Kabla yake kuna aliyetengeneza ya insulini ukubwa wa begi la mgongoni.

#37 Kichwa Ngumu
Begi la mgongoni! Kisukari na mazoezi kwa pamoja.

#38 MzeeKanula
Tumepotea. Dada, pampu ilihamishwa au haikuhamishwa?

#39 NesiWaUsiku
Nimerudi na mrejesho, kaeni.

Kwanza, mwenzangu anasema ndiyo, saa 7 usiku walimgeuza mgonjwa, akaihamisha pampu kutoka pembeni ya kitanda akaiweka rafu ya juu. Hakufunga laini.

Pili, nimefungua kabati. Maboksi mawili ya sirinji, yote yameandikwa 50, kampuni mbili tofauti. Boksi moja lilikuja wiki iliyopita. Nilichukua lipi usiku ule sijui, na sirinji yenyewe ilishaenda na taka.

Tatu, fundi wetu ameijaribu pampu. Aliweka maji, kasi 5, akapokea kwenye kikombe juu ya mizani kwa saa 1. Gramu 4.9. Anasema pampu nzima.

#40 FundiPampu
Maboksi mawili. Sina la kuongeza.

#41 MzeeKanula
Rafu ya juu, laini wazi. Mimi ndiye sina la kuongeza.

#42 BibiVipimo
Mimi ninalo. Tumalize hesabu kwa ml 48 alizosahihisha dada kwenye #8, sio 50. 48 gawanya kwa saa 8 na dakika 40 ni ml 5.54 kwa saa. Imezidi kwa 11 kwa mia, sio 15. Ile 29 ya fundi imekufa, inatakiwa 28.4. Fundi, unayo sirinji ya 28.4?

Na Mzee, kuipandisha pampu mara moja kunatoa ml 1 na kidogo kwa mwanya wako wa milimita mbili. Hapa zimezidi karibu ml 5. Nne unazitoa wapi?

Fundi wa hospitali naye kapima saa 1 tu. Dakika za mwanzo pampu inakula mwanya kwenye skrubu na pistoni, inatoa pungufu, ndiyo hiyo 4.9. Kwa kasi ndogo hivyo na kikombe wazi, maji mengine yanapaa hewani. Weka mafuta kidogo juu ya maji, upime saa 8 mpaka sirinji iishe. Hapo nitaamini kwamba ni nzima.

#43 FundiPampu
Vipenyo si 27 na 29 tu, Bibi, nilitoa mfano. Ukiongeza ml 1 ya Mzee kwenye yangu tunafika bila shida.

#44 MzeeKanula
Ml 1 yangu usiitumie kuokoa hesabu zako.

#45 Daftari la Dozi
Na mimi nauliza kidogo kidogo: "kama 48" ni kwa macho au ilisomwa? Laini ndefu na kiunganishi cha njia tatu zinaweza kula hata ml 4.

#46 NesiWaUsiku
Kwa macho. Na kiunganishi kilikuwepo.

#47 Kichwa Ngumu
46. Inashuka tu. Nasubiri hapa hapa 43.

#48 MtunzaMama
Samahani kurudisha nyuma. Kanula ya mama wameihamishia chini ya kiwiko. Haijalia tangu asubuhi. Ila nimefunua shuka kama alivyosema Mzee, mkono uko sawa. Asanteni.

#49 MzeeKanula
Funua tena jioni.

#50 NesiWaUsiku
Pampu imerudi wodini mchana huu, iko kwa mgonjwa mwingine. Boksi la pili nimelitenga na kulibandika karatasi. Fundi wetu hakujaribu sirinji ya boksi hilo wakati kioo kinasoma jina la lile la kwanza. Nimemuomba ajaribu usiku mzima, na mafuta juu ya maji kama alivyosema Bibi. Amesema tukipata pampu ya akiba. Kwenye fomu ya tukio nimeandika "sababu haijulikani", msimamizi karudisha anataka sababu.

#51 Tone kwa Tone
Andika "soma uzi".